Chaki Kwenye Sinia la Mwakio

Haya, wanangu, kaeni. Hiyo halwa ni yenu, msiitazame tu. Na kahawa ni chungu kweli, sitaki kusikia mtu akiomba sukari.

Mmenionyesha picha kwenye simu yenu: ukurasa wa mwisho wa lile jarida la sheria ya katiba, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, jina langu, Mbwana Kombo, mpangaji wa herufi. Mmelikuta maktaba huko chuoni kwenu, mkaulizana huyu Mbwana Kombo ni nani, mkauliza uliza mpaka mkafika mlangoni kwangu hapa Mji wa Kale. Na wewe binti ukasema mimi ni sehemu ya historia ya sheria ya nchi hii. Nilicheka, lakini si kwa furaha. Sheria sikuisoma mimi. Niliishika kwa vidole, neno baada ya neno, kinyumenyume, miaka saba. Na huo ukurasa mliokuja nao una mambo yake, wala si mambo ya mtu kujisifia. Nitawaambia, ila msinikate maneno. Nikikatwa nasahau.

Kwanza muijue kazi, la sivyo hamtaelewa kitu. Siku zile kila herufi ilikuwa kipande cha risasi, kirefu kama kucha ya kidole gumba. Ukisimama mbele ya kasha la mbao lenye vijumba vingi, kila herufi na kijumba chake. Mkono wa kushoto umeshika kijisanduku cha chuma, wa kulia unachota: herufi, herufi, nafasi, herufi. Mstari wausoma umepinduka, kichwa chini miguu juu. Mimi mpaka leo nikipewa gazeti naweza kulisoma limegeuzwa, wajukuu wangu wadhani ni mazingaombwe. Ukurasa ukitimia, waufunga uzi wa katani pande zote nne, wausukuma kwenye bamba la chuma. Mabamba yale tukiyaita masinia, maana yalifanana na masinia ya pilau. Hapo unangoja prufu, ile karatasi ya majaribio, isomwe, isahihishwe, kisha ukurasa upelekwe mashine.

Na ukishachapwa wavunjwa. Herufi hazikuwa nyingi hivyo, lazima zirudi kasha zikatumike tena. Kuvunja nako kuna ufundi wake. Walowesha ukurasa kwa sifongo ili herufi zishikane, wachukua mistari mitatu minne mkono wa kushoto, wasoma neno, vidole vya kulia vyalichukua neno zima na kuziangusha herufi moja moja kila moja kwao. Fundi mzuri huvunja kwa haraka mno kuliko apangavyo. Lakini lazima usome. Usiposoma hujui ushikacho, utaitia n kwenye u na kesho wenzako watakulaani. Mzee Faki, aliyekuwa fundi mkuu wetu, alinifundisha hilo kwa kunigonga vidole na rula. Siku yangu ya tatu kazini niliangusha sinia zima mchangani, mbele ya mlango. Alinipa kiti na ungo, akaniambia pepeta. Nilipepeta herufi siku mbili, na hamali wa Marikiti wakipita na mikokoteni yao wakinipigia kelele, mwali huyo, atachambua mchele lini?

Kiwanda chetu kilikuwa kichochoro cha nyuma ya Biashara Street, ghorofa ya chini ya nyumba ya mawe. Mwenyewe tukimwita Tajiri tu, na hata leo nitamwita hivyo. Tukichapa kadi za arusi, vibandiko vya makopo ya halwa, matangazo ya maulidi, risiti. Kisha, karibu na uhuru, akaja Wakili. Alikuwa na ofisi yake kando ya mahakama, na yeye na rafiki zake walimu wa sheria waliamua kutoa jarida: makala ndefu kuhusu katiba, mamlaka ya serikali, haki za raia, mahakama na Bunge. Alitaka lichapwe papa hapa Mombasa, apate kuja kulitazama kila alasiri. Na kwa heshima yake alisema aliyepanga herufi aandikwe jina ukurasa wa mwisho.

Wanangu, hamjui jina lililochapwa lilivyokuwa siku hizo. Baba yangu alikuwa akisuka makuti. Jina letu halijawahi kuandikwa popote ila kwenye kitambulisho. Na jarida lile lilikuwa likienda kwa majaji. Nilililia jina hilo kama mtoto aliliaye pipi.

Nikapewa toleo la kwanza, mimi, kwa sababu nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Nikaliharibu. Si herufi, herufi zangu zilikuwa safi. Ni tanbihi. Watu wa sheria nyinyi hamwezi kusema jambo bila kulitia tanbihi chini ya ukurasa, na zile zilikuwa zikipangwa kwa herufi nyingine, ndogo zaidi, kwenye sinia lake peke yake, kisha zinaletwa chini ya kurasa zake. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la sita. Nilizishusha tanbihi za ukurasa wa kumi na nne chini ya ukurasa wa kumi na tano, na kinyume chake. Wakili hakuliona mpaka limekwisha kusambazwa. Jaji mmoja akamwambia mbele ya watu kwamba jarida lake ni la ajabu, lathibitisha jambo kabla ya kulisema.

Toleo la pili akapewa Jonathan Mwakio.

Mwakio alikuwa Mtaita, kijana mwembamba, mpole, amejifunza kazi kwenye kiwanda cha misheni huko kwao. Alikuja kwetu mwaka mmoja baada yangu. Kiingereza alikisoma kama anavyokunywa maji. Mkono wake haukuwa mwepesi kama wangu, wallahi naapa, lakini hakurudia kitu mara mbili. Akipanga ukurasa, Wakili alikuwa akiusoma huku akitikisa kichwa kwa raha, kisha anamwita kwa jina, Bwana Mwakio. Mimi alikuwa akiniita kijana. Ukurasa wa mwisho ukatoka na jina lake, na toleo la tatu hivyo hivyo, na la nne.

Semeni mtakavyo, mimi nitasema kama ilivyo. Nilikuwa na kijicho. Kijicho cha kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula. Mke wangu alinunua doti ya kanga pale Biashara Street, imeandikwa Hasidi hana sababu, alikuwa amemkusudia jirani yake mmoja waliyegombana. Mimi nikaona kanisema mimi. Siku tatu sikumsemesha, naye masikini hajui ana kosa gani. Na ile kanga ilisema uongo, mimi sababu nilikuwa nayo, tena nikiihesabu: Kiingereza chake, utulivu wake, bwana lile la Wakili, jina lile. Hata alivyokuwa akikunja mikono ya shati, vizuri, mara mbili, sawasawa kulia na kushoto. Nilichukia mikunjo ile.

Tena jarida lilikula herufi zetu. Neno la katiba kwa Kiingereza lina t tatu. Tatu, neno moja! Na katika makala ya katiba neno hilo lipo kila mstari. Kijumba cha t kikibaki kitupu mimi na kadi zangu za arusi mkononi. Na kazi ile haikuwa na mwisho, kwa sababu katiba yenyewe haikutulia. Mwakio alipanga kurasa ishirini kuhusu mabunge ya majimbo, nzuri kweli kweli. Hata hazijafika mashine, nchi ikaingia kwenye jamhuri na majimbo yakaanza kuvuliwa mamlaka yake. Wakili akaja na kalamu nyekundu, kata hapa, kata pale. Mwakio akavunja kurasa zake mwenyewe bila kunung'unika, akapanga upya. Ningekuwa mimi ningelia.

Siku moja nikamlalamikia mbele ya watu. Nikamwambia jarida lake limetumeza sote, nina arusi ya Ijumaa na siwezi kumwandikia bwana arusi jina lake, jina lina t mbili na kijumba hakina hata moja. Nilisema kwa ukali, ili Tajiri asikie. Mwakio akanitaka radhi. Akasema ana kurasa zilizokwisha kuchapwa, asubuhi atazitoa zivunjwe nipate herufi.

Sasa sikilizeni hapa. Kiwandani kwetu palikuwa na ada moja. Sinia lisilo alama haliguswi na yeyote isipokuwa mwenyewe. Kurasa zikisha kuchapwa, aliyezipanga hutia msalaba wa chaki pembeni mwa sinia, na maana yake ni vunja. Hapo yeyote mwenye nafasi huzivunja wala haulizi. Ada hiyo aliiweka Mzee Faki, na hatukupata kuona ikikosea.

Asubuhi ile Mwakio alikuja mapema, akatia chaki, akachukua mfuko wake akaenda zake mahakamani kwa Wakili kuleta prufu ya mwisho ya makala mpya. Makala yenyewe ilikuwa ya kurasa kumi na mbili, Wakili akiihitaji sana, alitaka itoke kabla Bunge halijakaa kujadili mabadiliko mengine ya katiba. Mwakio aliipanga kwa wiki mbili. Ilikuwa imekaa kwenye sinia lake, imefungwa uzi, ikingoja neno la Wakili tu.

Nikaenda rafuni kutafuta t zangu. Masinia mawili yalikuwa yamekaa bega kwa bega. Moja lina kurasa za toleo lililopita, zimechapwa, zina weusi wa wino. Jingine ni ile makala mpya, inang'aa. Na msalaba wa chaki ulikuwa kwenye lile linalong'aa.

Nilisimama hapo kitambo. Mzee Faki alikuwa mashineni amenipa mgongo. Nilijua. Msije mkanitetea, wanangu, nilijua tangu jicho la kwanza. Nikalichukua lile sinia, nikalitia juu ya meza yangu, nikakata uzi, nikalowesha sifongo.

Makala ile ilihusu haki ya mtu kusikilizwa. Ilisema kwamba mkubwa yeyote, awe waziri, awe tume, awe nani, hawezi kumvua mtu kazi wala cheo chake kabla ya kumpa nafasi ya kujieleza. Mwandishi alileta kesi kutoka Uingereza, Bara Hindi, na papa hapa kwetu. Alikuwa na maneno mazuri, yamepangwa vizuri, nafasi baina ya neno na neno sawasawa kama meno ya kitana. Niliyavunja yote. Nilivunja mpaka adhuhuri, kurasa kumi na mbili na tanbihi zake, na kasha likajaa t mpaka zikamwagika.

Mwakio akarudi jasho linamtoka, prufu mkononi, ina sahihi ya Wakili: chapa. Alikwenda moja kwa moja rafuni. Akatazama sinia tupu, akatazama lile jingine lenye wino, akashika paji la uso. Mzee Faki akaja, kisha Tajiri akaja, na Wakili naye nyuma yake, alikuwa amekuja kuona mashine ikianza.

Tajiri alikuwa na swali moja tu. Nani aliyetia chaki hii? Mwakio akasema ni yeye. Tajiri akanigeukia mimi, nami nikajibu kabla sijaulizwa.

"Mimi nimefuata chaki tu, Tajiri."

"Basi," akasema Tajiri. "Aliyefuata chaki hana kosa."

Wakili alikuwa mweusi kwa hasira. Siku zake za Bunge zilikuwa zikiyeyuka. Pale pale Tajiri akasema jarida lirudi kwa Mbwana Kombo, na Mwakio amsomee nakala mpaka imalizike, kisha ataangaliwa. Hakuna aliyemwuliza Mwakio ilikuwaje. Hata Wakili, mtu wa sheria, aliyekuwa ametoka kutia sahihi prufu ya kurasa kumi na mbili kuhusu jambo hilo hilo, hakumwuliza. Na mimi moyo wangu uliruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilirudi nyumbani na samaki mkubwa aina ya changu, nikamsemesha mke wangu, hata ile kanga nikaisifu.

Furaha hiyo ilikaa usiku mmoja. Asubuhi yake Mzee Faki alinivuta kando, mlangoni, pale pale nilipopepeta herufi zamani. Akaniambia kwamba Mwakio alifika kabla ya watu, kabla hata madirisha hayajafunguliwa, akatia chaki gizani kwa kupapasa. Mzee alimkuta hapo, akamwuliza haraka ya nini. Mwakio akamjibu kwamba Mbwana ana arusi ya Ijumaa, hana t. Mzee Faki akafuta miwani yake, akarudi mashineni.

Basi tukaanza. Msomaji wa nakala hukaa kwenye stuli kando yako, asoma kwa sauti kila kitu, neno na alama zake, mkato, nukta, herufi kubwa, fungua mabano, funga mabano, nawe wapanga. Siku tisa Mwakio alinisomea kurasa zile alizozipanga mwenyewe kwa wiki mbili. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Nikikwama neno la Kilatini, alikuwa akilirudia polepole, herufi baada ya herufi, hata mara tatu. Tanbihi zangu alizitazama moja moja, akahakikisha kila moja iko chini ya ukurasa wake. Kwa hiyo toleo mliloliona maktaba halina kosa, na ni kwa ajili yake. Salamu alinipa kila asubuhi, nami nilimwitikia. Hatukusema jingine.

Nilikuwa nikimngojea. Nilitaka anitukane. Nilitaka aseme Mbwana wewe ni hasidi, nipate kumjibu, tugombane, yaishe. Nilikuwa na majibu yangu tayari, nimeyapanga kama mistari. Wala hakunipa nafasi.

Siku ya tisa, alasiri, ukabaki ukurasa wa mwisho. Nakala yake ilikuwa ule ukurasa wa toleo lililopita, Tajiri amekata jina la Mwakio kwa wino mwekundu na kuandika langu juu yake. Mwakio aliusoma kama alivyosoma yote. Bei ya toleo, nukta. Jina la kiwanda, mkato, Mombasa, nukta. Kisha akafika kwenye jina. Akalisoma bila kusita, herufi kubwa, Mbwana, herufi kubwa, Kombo, nukta. Nikalipanga. Hivyo ndivyo mlivyolikuta.

Akaikunja ile nakala mara mbili, sawasawa. Akateremka kwenye stuli.

"Mbwana," akasema, kwa sauti ile ile ya kusomea, "ulipokuwa ukivunja, ulikuwa ukisoma."

Akachukua mfuko wake, akatoka. Mtu asiyejua kazi ile angeweza kuniamini kwamba nimefuata chaki. Yeye alijua. Mzee Faki alijua. Hakuna avunjaye ukurasa bila kuusoma, neno baada ya neno, na mimi nilisoma kurasa kumi na mbili. Angeweza kumwambia Tajiri maneno yale siku ile ile, mbele ya Wakili, na mimi ningekuwa nje ya mlango na kofia yangu. Aliyaweka siku tisa, akaja kuniambia mimi peke yangu.

Mwezi ulipoisha akaondoka, akaenda Nairobi. Nilisikia baadaye amekuwa mkuu wa chumba cha herufi katika kiwanda kikubwa, nami nikaona wivu tena, hata hapo. Jarida lilikuwa langu miaka iliyobaki, mpaka lilipokufa, na jina langu likatoka kila mara. Majaji walilisoma. Kiingereza changu kikawa kizuri. Lakini nitawaambia kitu ambacho sijamwambia hata mke wangu, Mungu amrehemu. Kijicho changu kikubwa kabisa kwa Mwakio hakikuwa cha jarida wala cha Kiingereza. Kilianza alasiri ile aliposhuka kwenye stuli, na sijakimaliza. Alikuwa na neno la kuniangamiza akalishika mkononi siku tisa. Mimi nilikuwa na msalaba wa chaki, sikuweza kuushika hata dakika tano bila kuutumia.

Tajiri hakuniuliza, na Wakili hakuniuliza. Nyinyi ndio wa kwanza kuja mpaka hapa na kalamu zenu na kuniuliza jina hili limefikaje pale. Mtakwenda kuandika makaratasi yenu ya chuo, na najua mtatia tanbihi, hamuwezi kukaa bila tanbihi. Basi itieni chini ya ukurasa wake, msije mkakosea kama mimi. Andikeni kwamba kurasa zile kumi na mbili zilipangwa kwanza na Jonathan Mwakio. Mbwana Kombo alizivunja, na alikuwa akisoma.